Ukiingia karakana ya ndege, jifunze kuandika kwanza

Wengi wanaoanza kazi kwenye karakana ya shirika la ndege huja na hamu ya injini. Hamu hiyo ni nzuri, itunze. Ila miezi ya mwanzo utafungua vifuniko, utasafisha, utamshikia mwenzako tochi na kujaza kadi za kazi, yaani karatasi za kuandikia kila kilichofanyika kwenye ndege, na nakuomba usizione kadi hizo kuwa kero. Fundi hodari wa mikono asiyeandika ananitia hofu kuliko mwanafunzi mzito anayeandika kila alichogusa.

Tarehe 11 Septemba 1991 ndege ya Continental Express, safari namba 2574, ilivunjika angani ikielekea Houston, Marekani. Watu wote 14 waliokuwemo walikufa. Usiku uliotangulia ilikuwa karakanani ikibadilishwa mipira ya kuvunjia barafu kwenye ukingo wa mbele wa mabawa madogo ya mkiani. Zamu ya jioni ilifungua skrubu za juu pande zote mbili. Zamu ya usiku ikamalizia upande wa kulia tu. Skrubu 47 za kushoto hazikurudishwa, na mabawa hayo madogo ya ndege ile yako juu ya mkia, hivyo aliyesimama chini hawezi kuona pengo lake. Aliyezifungua alikuwa mkaguzi aliyejitolea kuwasaidia mafundi. Hakukuwa na kadi iliyomwambia anayeingia zamu kwamba upande wa kushoto nao umeguswa. Habari zilipita kwa mdomo, zikapungua njiani.

Kwa hiyo ukifungua kitu, kiandike kabla hujashika kingine, hata kama mkubwa wako amesema utakirudisha baada ya dakika tano. Kila kifuniko kiwe na mstari wake. Usiandike "kazi inaendelea", maana maneno hayo hayamsaidii mtu. Andika kilichotolewa, skrubu zake ziko kwenye mfuko gani, hatua gani ya mwongozo umefikia na nini kimebaki. Makabidhiano ya zamu yafanyeni mkiwa mmesimama kwenye ndege yenyewe, kadi mkononi, anayetoka akionyesha kwa kidole. Na ukiitwa katikati ya kazi, ukirudi anzia hatua tatu nyuma ya pale unapodhani uliachia.

Jambo la pili ni namba za vipuri. Mwaka 1990 nahodha wa British Airways, safari namba 5390, alivutwa nusu mwili nje ya ndege baada ya kioo cha mbele kung'oka. Wenzake walimshikilia mpaka ndege ikatua, naye akapona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa muda mfupi kabla, na bolti zikachaguliwa kwa kulinganishwa kwa jicho na za zamani. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa tofauti isiyofika milimita moja. Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo. Katalogi ya vipuri ingeionyesha kwa dakika chache. Kaa vizuri na watu wa stoo. Hao ndio wanaojua namba ipi imebadilishwa na ipi.

Kuna upande wa biashara ambao vijana wengi hawaambiwi. Karakana nyingi za mashirika hutengeneza pia ndege za wateja wengine. Mteja anapoleta ndege kwa matengenezo makubwa, bei ya kazi za kawaida huwa imeshakubaliwa. Kinachobadilisha hesabu ni yale mnayoyagundua baada ya kufungua: kutu chini ya sakafu, ufa kwenye fremu, waya uliokwaruzika. Kila ugunduzi hufunguliwa kadi yake, mteja huridhia, ndipo saa za kazi huhesabiwa. Usipoandika, kampuni imemfanyia mteja kazi ya bure. Na ukiandika siku ya mwisho, kipuri kitachelewa na ndege itakalia nafasi iliyoahidiwa ndege nyingine. Ndiyo maana ukaguzi hupangwa siku za mwanzo kabisa. Ukiona ufa siku ya pili, usisubiri ya tatu.

Shinikizo la muda litakuwepo, kwa sababu ndege iliyolala chini haiingizi pesa. Likija, kumbuka sahihi ni ya nani. Usitie sahihi kazi ambayo hukuifanya wala kuiona, hata akikuomba mtu unayemheshimu. Mwambie kwa adabu: "Mkuu, naomba tuifungue niione." Mwenye leseni wa kweli hatakasirika, kwani yeye ndiye anayejibu ndege ikiruhusiwa kuruka. Vivyo hivyo spana ikipotea: sema hapo hapo, ndege isiondoke mpaka ijulikane iko wapi.

Mwisho, daftari lako la uzoefu. Mamlaka za anga hudai ushahidi wa kazi ulizofanya kabla ya kukupa leseni, na katika mfumo wa Ulaya, leseni ya B1 huangalia injini na mitambo, ya B2 umeme na vifaa vya kielektroniki. Anza kulijaza wiki ya kwanza: tarehe, usajili wa ndege, namba ya kadi, ulichofanya. Msimamizi wako asaini kila mwezi akiwa bado anakumbuka, kwa sababu wasimamizi huhama, na sahihi ya aliyehama ni kazi kubwa kuipata.