Kabla Hujaandika IIn

Juzi jioni, hapa Kisumu, nilimtazama mdogo wetu mmoja akifungua spektra ya supanova, yaani mwanga wa nyota iliyolipuka uliotawanywa kwa rangi zake. Aliona mstari mwembamba wa haidrojeni, na chai yake haijapoa akawa ameshaandika "IIn", aina ya supanova ambayo mlipuko wake hugonga gesi iliyomwagwa na nyota yenyewe. Tumbo lilinisokota, kwa sababu kosa hilohilo liliwahi kunila miezi minne. Wadogo zangu, someni haya kabla hamjagusa faili nyingine.

1. Sahihisha redishifti (mistari kusogea upande wa wekundu kwa sababu galaksi inatuacha) kwanza, ndipo utaje mistari. Anayebahatisha kabla ya hapo anatupotezea muda sote.

2. Bonde (mahali mwanga unapopungua) la nanomita 760 ni oksijeni ya hewa yetu hapa duniani. Liacheni.

3. Sasa haidrojeni. Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilipewa spektra ya supanova iliyolipuka kwenye mkono wa galaksi. Pale nanomita 656.3, mahali pa haidrojeni, palisimama mstari mwembamba kama sindano. Nikaandika IIn, nikafurahi. Miezi minne nikajenga hadithi: nyota kubwa iliyomwaga gesi yake kabla ya kufa, kisha kiini kikaporomoka, na mlipuko ukaigonga ile gesi ikawaka. Nilichora michoro. Nilikokotoa hata kiasi cha gesi iliyomwagwa. Bonde pana karibu na 615 nililiita kelele za kamera, nikalilainisha mpaka likatoweka.

Siku ya kuwasilisha, dada mmoja aliyenitangulia masomoni aliuliza kwa upole, "Umefungua picha ya pande mbili?" Ni picha ghafi ya kamera: upande mmoja ni rangi, wa pili ni mahali angani. Nilikuwa nayo kwenye folda ileile, sijawahi kuifungua. Tukaifungua mbele ya watu. Mwanga wa supanova ulipita katikati kama uzi, lakini ile haidrojeni ilitambaa juu na chini ya uzi, mbali kabisa nao. Kando yake palikuwa na naitrojeni ya 658.4, na salfa mbili, 671.7 na 673.1. Ilikuwa gesi ya galaksi yenyewe, inayowashwa na nyota changa za jirani. Ukikatiza soko la samaki, shati litanuka samaki, lakini wewe hujawa mvuvi. Na lile bonde nililolilainisha lilikuwa silikoni, alama ya aina ya Ia! Supanova yangu ilikuwa Ia: kibete cheupe (mabaki mazito ya nyota iliyozimika) cha kaboni na oksijeni kilichoteketea kwa moto wa nyuklia, wala hapakuwa na kiini kilichoporomoka. Nilikuwa nimekosea nyota, nimekosea na kifo chake. Sura nzima ya tasnifu ikaenda. Siku hiyo nilitembea kwa miguu hadi Kondele, maana sikutaka kuketi na mtu kwenye matatu.

4. Acheni kusema "aina ya I ni kibete cheupe". Mwanafalaki Minkowski alipozigawa supanova mwaka 1941 alitazama haidrojeni tu: II inayo, I haina. Ib na Ic ni nyota kubwa zilizovuliwa ganda la haidrojeni, Ic ikavuliwa karibu heli yote pia, na viini vyake huporomoka sawa na vya aina ya II. Ndani ya I, ni Ia peke yake inayotokana na kibete cheupe. Halafu kuna SN 1993J, ninayoipenda kuliko zote: ilianza na haidrojeni kama II, wiki kadhaa baadaye heli ikajitokeza kama Ib. Ganda lake la haidrojeni lilikuwa jembamba mno. Hiyo ndiyo IIb, na aliyeitazama siku moja tu hangejua.

5. Kwa hiyo ulizeni ni siku ngapi tangu kilele cha mwanga. Ia iliyopita kilele wiki kadhaa na Ic hufanana kiasi cha kuiyumbisha hata SNID, programu inayolinganisha spektra yako na za supanova zinazojulikana.

Mdogo wangu wa juzi, sijaifuta ile IIn yako. Picha ya pande mbili iko kwenye folda ileile. Ifungue, tazama juu na chini ya uzi, kisha uniite. Nitakuwa hapa mpaka saa mbili usiku.