Nitajuaje kama mdogo wangu anatumia unga wa heroini?

Shangazi, shikamoo. Naishi Kaptembwo, Nakuru, na mume wangu na watoto wawili. Mdogo wangu wa miaka 23 tulimkaribisha alipopata kazi ya gereji. Siku hizi anasinzia sahani ikiwa mkononi, anajikunakuna, na kazini haendi kila siku. Mtungi wa gesi umetoweka. Anasema amemwazima rafiki. Mume wangu anataka aondoke. Mama, aliye Kakamega, anasema amerogwa, apelekwe akaombewe. Mimi naogopa kumsingizia. Nitajuaje?
Dada Mkubwa

Marahaba, mwanangu. Hofu yako ya kumsingizia ni ya haki. Anayeshinda gereji hurudi amechoka, na sweta ya mikono mirefu, ambayo watu hudhani inaficha alama za sindano, mwezi wa Julai Nakuru haimaanishi kitu, sote tunavaa. Dalili moja haitoshi. Lakini wewe umenitajia kadhaa, na ule mtungi ndio unaonitia wasiwasi zaidi.

Mtazame macho jioni, taa ikiwa hafifu. Mboni za mtu yeyote hupanuka gizani. Za aliyetumia heroini hubaki ndogo kama punje ya ufuta. Kisha mtazame siku ambayo hana pesa: kamasi, miayo mfululizo, machozi, vinyweleo vimesimama, tumbo la kuhara, miguu inamuuma hata halali. Vijana wa Pwani huita hali hiyo arosto. Anatoka kidogo, anarudi ametulia kabisa. Ni homa gani hiyo inayopona barabarani?

Nakuuliza hivyo kwa sababu binamu yangu nilimnywesha dawa za malaria mara tatu. Siku moja nikifagia chini ya kitanda chake nikaokota karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa kama mfereji mdogo, ina mstari wa rangi ya chai palipopita moto. Nilijua ni ya kuvutia unga. Nikaitupa jalalani, nikanyamaza mwaka mzima. Mwaka ule unaniuma hadi leo.

Kwa hiyo usiendelee kupekua mifuko ukitafuta ushahidi. Zungumza naye asubuhi akiwa ametulia, mkiwa wawili tu, na umwambie uliyoyaona: "Ulisinzia na sahani mkononi. Gesi haijarudi. Naogopa." Usimwite teja. Ukimwita hivyo ataanza kujitetea, na mazungumzo yamekwisha.

Mumeo msikilize, nyumba ni yake pia na kuna watoto. Kubalianeni: pesa taslimu hapewi, chakula anapewa, vitu vya thamani vinafungiwa. Mama naye aombe, tena aombe sana, ila hospitali isingoje maombi yaishe. Uraibu ni ugonjwa, hubadilisha ubongo wenyewe.

Jambo moja nakusihi: msimfungie chumbani ili "aache". Mwili ukikaa siku kadhaa bila unga husahau kuuvumilia, na siku atakapotoka, kipimo kilekile alichozoea kinaweza kumuua. Ukimkuta haamki, anapumua kwa shida, midomo imegeuka bluu, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Usimwache peke yake eti alale.

Pigeni 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haina malipo. Au nendeni hospitali kuu ya Nakuru mkaulizie huduma za afya ya akili. Ikithibitishwa kuwa ni heroini, ulizeni kuhusu methadoni, dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu ili kuzuia arosto. Nchini Kenya ilianza kutolewa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 2014. Na kama ni tembe za usingizi au pombe kali, asiache ghafla bila daktari. Anaweza kupata kifafa.

Huenda akakataa. Binamu yangu alikataa mara nne. Mara ya tano ni yeye aliyenibishia mlango alfajiri, akaniuliza kliniki hufunguliwa saa ngapi.