Mimi na mdogo wangu tuliambiwa tuko sawa, sote wawili

Mwaka jana mimi na mdogo wangu tuligombania kipande cha kibanja alichotuachia marehemu baba, nje kidogo ya Bombo, hapa Uganda. Si kikubwa. Ukifunga mbuzi wawili humo, wa tatu hana pa kulala. Karatasi ya baba, aliyoiandika mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ilisema mpaka ni mwembe. Miembe iko miwili.

Usiku mmoja usingizi ulinikataa, nikashika simu nikaiuliza akili mnemba. Niliimwagia yote: nilivyomuuguza baba, nilivyolipa busuulu, ile kodi ambayo mwenye kibanja humlipa mwenye ardhi, miaka yote ile, mdogo wangu alivyokuwa Kampala akila maisha. Hata madeni yake niliyataja, jambo ninalolijutia mpaka leo. Ikanijibu kwa upole ambao sikuupata kwa mtu yeyote mwezi ule. Pole sana, una haki ya kuumia, hoja yako ina nguvu. Machozi yalinilenga.

Asubuhi nikalichapisha jibu lile, kurasa tatu, nikaenda nalo kwa shangazi. Mdogo wangu akafika na simu yake mkononi. Naye alikuwa ameuliza chombo kile kile usiku ule ule, na naye aliambiwa hoja yake ina nguvu.

Shangazi alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Huyu mtu wenu anakaa wapi?"

Tulicheka. Lakini mimi nafundisha Kiswahili, na wanafunzi wangu huniuliza kila wiki: mwalimu, hiki kitu kinafikiri kweli? Nilikuwa nawajibu kwa majina makubwa. Nilikuwa nawaambia kwamba mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing alipendekeza tuachane na swali hilo, tupime badala yake kama mashine inaweza kujibu kwa maandishi hata mtu ashindwe kuitofautisha na binadamu. Na kwamba mwaka 1980 mwanafalsafa wa Marekani, John Searle, alimpinga kwa mfano wa mtu aliyefungiwa chumbani. Mtu huyo hajui Kichina hata neno, lakini ana kitabu cha kanuni: ukiona alama hii, toa ile. Walio nje wanapokea majibu safi ya Kichina, wanaamini ndani kuna mjuzi.

Ndani ya chumba hicho mimi nimewahi kuwa. Nikiwa na miaka tisa nilisoma Yasini kwa moyo, bila kukosea, mbele ya bibi yangu aliyekuwa mgonjwa. Kiarabu sikukijua; nilijua tu kwamba baada ya sauti hii inakuja ile, na kwamba ukikosea kuna fimbo. Bibi alilia. Na bibi mwenyewe Kiarabu hakukijua. Kwa hiyo maana ilikuwa wapi siku ile? Kwangu haikuwepo. Ilikuwa kwake, katika miaka yake yote ya kuswali na kuzika watu.

Nadhani ndilo lililonipata usiku ule na simu. Faraja niliisikia kweli, ila niliileta mwenyewe. Na sikuwa wa kwanza. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitangaza programu yake iitwayo ELIZA, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kukurudishia maneno yako kama swali. Ukiandika una huzuni, inakuuliza habari za huzuni yako. Alisimulia kwamba katibu muhtasi wake, aliyemwona akiiunda kwa miezi, aliketi kuzungumza nayo na baada ya muda mfupi akamwomba yeye Weizenbaum atoke chumbani. Alitaka faragha!

Za siku hizi zina ufundi zaidi, na hapo ndipo pa kuwa macho. Hufunzwa kwa maandishi mengi kupita kiasi ili zibashiri neno linalofuata, kisha watu huzipimia majibu, lipi zuri lipi baya. Na nani kati yetu humpa alama mbaya anayemwambia yuko sawa?

Basi ukiwa na ugomvi na ukataka kuiuliza, uliza mara mbili. Mara ya pili andika kama wewe ndiye hasimu wako, kwa uchungu wake wote, usimpunje. Nilijaribu baadaye na aibu ilinishika, kwa sababu hoja za mdogo wangu, nilipoziandika mimi, zilikuwa nzuri. Au ficha kabisa wewe ni nani kati ya hao wawili. Na usiulize nani ana haki. Uliza ni kitu gani hukioni. Siri za mwenzako ziache nje. Mambo ya sheria yapeleke kwa anayeijua ardhi ya hapa: mimi ilinishauri nitafute hati ya kiwanja changu, wakati mwenye kibanja hana hati, hati iko kwa mwenye mailo, yaani mwenye ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda mwenye kibanja kwa njia nyingine kabisa.

Swali la kama ina akili siku hizi nawaachia wanafunzi walibishanie, wanalipenda. Mimi nimebaki na la shangazi. Anakaa wapi? Ikikosea, nani atamsalimia nani msibani? Shangazi hakuwa na akili kutushinda, na sheria haijui. Alituambia waziwazi: "Mimi Idi nakula kwenu wote wawili. Nikipindisha, nitashinda na njaa."

Akatembea hadi kibanjani na goti lake bovu, akaizunguka miembe yote miwili, akauliza majirani ni upi baba alikuwa akikaa chini yake jioni. Akaamua ni ule wa pili. Yaani nilishindwa. Ila maembe yake, akasema, nichume mimi maisha yangu yote, na mdogo wangu asiguse hata moja.

Jumapili tulipanda miche ya luwaanyi kuweka mpaka, yeye akichimba, mimi nikishika. Zile kurasa zangu tatu shangazi aliziwashia sigiri.