Nywele hazina njaa: keratini, mafuta ya mgando na maji ya kisima

SWALI: Nina miaka 27, naishi Kigamboni, na nimeacha kuweka dawa tangu Machi mwaka jana. Nywele zangu ni za kipilipili. Asubuhi nazilaza vizuri, lakini nikishuka kwenye kivuko upande wa Magogoni zimeshakuwa timutimu. Ni kavu na zinakatika ninapochana, ingawa kila siku nazipaka mafuta ya mgando niliyochanganya na ya mnyonyo. Naosha kwa sabuni ya kipande na maji ya kisima, kila baada ya wiki tatu hivi. Saluni wameniambia zina njaa ya protini, nifanye keratini (ile ya kunyoosha kwa pasi) ya shilingi 180,000, kwamba hiyo si dawa bali ni lishe, na itakaa miezi minne. Nifanye?

JIBU: Usifanye. Hiyo hela ibaki kwenye pochi yako, sehemu ndogo tu yake itatosha kununua vitu unavyohitaji kweli.

Neno lililokuponza ni hilo "njaa". Unywele ukishatokeza juu ya ngozi umekufa. Hauna damu, hauna mshipa wa fahamu, hauna mdomo, ndiyo maana ukikatwa na mkasi husikii maumivu. Kama kuna kulishwa, kunafanyika chini ya ngozi, kwenye mzizi, kwa ugali na maharage unayokula. Huu uliokwisha kutoka unaweza kufunikwa, kulowanishwa, kulainishwa au kuunguzwa. Kushibishwa, hapana. Lakini neno "lishe" ndilo linalouza nusu ya makopo yaliyojaa kwenye rafu za vipodozi, na ndilo lililokufanya wewe upake mafuta kila siku ya Mungu na ukavu usiishe.

Tuanze na kivuko. Umbo la unywele wako linashikiliwa na vifungo vya aina mbili. Vipo vigumu vya salfa, ambavyo dawa uliyoacha ilikuwa ikivivunja. Na vipo vyepesi vya haidrojeni, ambavyo maji matupu yanatosha kuviachanisha; unywele ukikauka vinajifunga upya hapohapo ulipo. Unapozilaza asubuhi kwa brashi, unategemea hivi vyepesi tu. Sasa hewa ya bahari imejaa mvuke, na unywele mkavu unaunyonya. Vifungo vinaachia, kila unywele unarudi kwenye mkunjo wake, huu mapema, ule baadaye, bila kusubiriana. Huko kutosubiriana ndiko kutimka. Dawa yake ni kuziacha zijifunge zikiwa zimelowa vizuri, zimepangwa katika mkunjo wake wenyewe, kisha zikauke bila kuguswa. Ukitaka kipilipili kilale kama singa kutwa nzima kando ya bahari, unakitaka kisichokuwa asili yake, na hakuna kopo litakalokupa hilo kwa heri.

Mafuta ya mgando ni vaselini, nta na manukato. Ndani yake hamna tone la maji, na vaselini haipenyi unywele, inakaa juu. Kazi yake ni kufunika. Ukifunika unywele uliolowa, maji yanachelewa kutoka. Ukifunika uliokauka, umeufungia ukavu wake. Kufunika sufuria tupu hakuivishi wali! Ya mnyonyo nayo ni mazito, yananata, yanakamata vumbi, na ukichana nywele zilizoshikana namna hiyo lazima zikatike. Wanaodai kwamba yanakuza nywele hawana ushahidi wa maana wa kukuonyesha.

Sabuni ya kipande ni ya alkali, pH yake (kipimo cha uasidi na ualkali) huwa 9 hadi 10, wakati unywele na ngozi ya kichwa vinapenda chini ya 6. Alkali inauvimbisha unywele na kuinua magamba yake, nywele zikisuguana zinanasana. Halafu maji yako ya kisima. Yakiwa na kalsiamu na magnesiamu, yanaungana na sabuni na kutengeneza utando usioyeyuka, ule ule unaouona ukingoni mwa beseni baada ya kufua. Beseni unalisugua. Kichwani utando unabaki, juu yake unapaka mgando, juu ya mgando vumbi la barabarani, wiki tatu. Sehemu kubwa ya unachokiita ukavu ni uchafu, na maji hayawezi kuupenya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuvua hayo matabaka. Nunua shampuu ya kusafisha kwa kina, na kwenye orodha ya viungo tafuta EDTA, maana ndiyo inayokamata kalsiamu ya kisimani. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, gawa nywele mafungu sita na upake mafuta ya nazi kama vijiko viwili vya chakula kwa kichwa kizima. Nazi naitaja makusudi: ni miongoni mwa mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele, na yakitangulia kabla ya maji yanapunguza kuvimba na kupotea kwa protini wakati wa kuosha. Faida hiyo unaipata ukiyapaka kabla ya kuosha.

Kesho yake jioni lowesha hadi maji yachuruzike. Shampuu iende kwenye ngozi ya kichwa, fungu kwa fungu, kwa ncha za vidole na si kwa kucha. Povu linaloteremka linatosha kusafisha nywele zenyewe. Mara hii ya kwanza rudia mara mbili. Baadaye tumia shampuu laini ya kawaida kila siku 7 hadi 10, na hii ya kina mara moja kwa mwezi. Kuchemsha maji ya kisima hakuondoi chumvi zote, usijisumbue. Kama una maji ya mvua, yatumie kwa suuza ya mwisho. Kama huna, kijiko kimoja cha chakula cha siki kwenye lita moja ya maji, mimina, subiri dakika moja, suuza. Ndimu sitaki kuisikia: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, unaweza kuungua hadi malengelenge. Magadi na baking soda ni alkali nyingine tena, nazo zibaki jikoni.

Kisha kondishena, na hapa usibane matumizi: vijiko vinne vya chakula kwa urefu wako si vingi. Ina viambato vyenye chaji chanya vinavyong'ang'ania pale unywele ulipochubuka, maana palipochubuka pana chaji hasi. Nywele zikiwa bado zimelowa na zinateleza, fumua mafundo kwa vidole, halafu chanuo la meno mapana, ukianzia nchani na kupanda taratibu kuelekea kwenye ngozi. Anayeanzia juu anayasukuma mafundo yote chini yawe fundo moja, kisha analikata. Zikatike kwa sababu hiyo, halafu aambiwe hana protini! Usizichane kavu tena. Acha kondishena dakika kumi chini ya mfuko wa plastiki, suuza.

Usikaushe kwa taulo nene. Kamua kwa fulana kuukuu ya pamba na uache maji mengi yabaki. Kwa kila fungu, krimu ya kuacha kichwani kiasi cha sarafu ya shilingi 200, kisha matone matatu au manne ya mafuta mepesi kwa kufungia. Maji, krimu, mafuta, kwa mpangilio huo. Soma viungo vya hiyo krimu: kama gliserini ipo kati ya vile vitano vya mwanzo, msimu wa masika ukiwa Dar es Salaam iache. Gliserini inavuta maji kutoka hewani, na hewa ya huko inayo mengi ya kuvutwa. Sokota kila fungu vipande viwiliviwili, mabutu ya upana wa kidole, uyaache yakauke kabisa. Kabisa. Ukiyafumua yakiwa na unyevu ndani, yatamalizia kukauka kwenye kivuko kwa namna yanavyotaka yenyewe. Osha jioni, lala na kofia au kitambaa cha satini, fumua asubuhi na vidole vilivyopakwa tone la mafuta. Katikati ya wiki nyunyizia maji, sokota tena usiku. Mafuta ya kila siku huyahitaji.

Jambo moja dogo: tangu Machi ya mwaka jana, kwa wastani wa kama sentimita moja kwa mwezi, unajua urefu wa nywele zako za asili. Kilichozidi hapo, chenye ncha zilizonyooka, ni masalia ya dawa. Pale mbili zinapokutana ndipo zinapokatikia. Kata, hata kidogokidogo.

Sasa hiyo "lishe". Mayai na mayonezi unayoshauriwa mtaani hayafiki popote, chembe zake za protini ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, na ukisuuza na maji ya moto yai linaivia kichwani. Protini iliyovunjwavunjwa kiwandani, ile ya kwenye kondishena, inaweza kuziba mikwaruzo kwa muda. Mara moja kwa mwezi yatosha, ikizidi nywele zinakakamaa. Na keratini ya saluni? Keratini iliyomo kwenye chupa sio inayonyoosha. Jiulize: kama ni chakula, kwa nini inahitaji pasi ya nyuzi joto 200 hadi 230 ili ikolee? Kinachofanya kazi, katika nyingi ya hizo chupa, ni fomaldehaidi. Inaunganisha nyuzi za protini za unywele wako zikiwa zimenyooshwa na pasi, zibaki hivyo. Fomaldehaidi ikiyeyushwa kwenye maji inaitwa fomalini, na fomalini kazi yake inayojulikana ni kuhifadhi maiti mochwari. Lishe gani hiyo?

Pasi inapopita, gesi inapanda, nawe umeketi chini yake, na msusi ameinama juu yake kutwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka fomaldehaidi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 2004. Usitulizwe na lebo. Mwaka 2010 wakaguzi wa usalama kazini wa jimbo la Oregon, Marekani, walipima dawa ya kunyoosha iliyoandikwa haina fomaldehaidi, wakakuta kwa wastani zaidi ya asilimia 8. Ujanja wake ni rahisi: fomaldehaidi ikiwa majini inabadilika kuwa methylene glycol, basi muuzaji anaandika jina hilo na kuapa kwamba nyingine haimo. Maji yakikauka chini ya pasi, inarudi ileile. Wanaokuuzia kwa jina la "ya Brazil" pengine hawajui kwamba Brazil kwenyewe, mwaka 2009, mamlaka ya afya ilizuia fomaldehaidi isiuzwe kwenye maduka ya dawa na supamaketi, kwa sababu watu walikuwa wakiichanganya wenyewe kwenye dawa za kunyoosha.

Watengenezaji wengine wamehamia glyoxylic acid na kuipa jina la kizazi kipya kisicho na madhara. Mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa waliripoti kisa cha mwanamke wa miaka 26 aliyeharibikiwa figo mara tatu, kila mara baada ya kunyoosha nywele kwa bidhaa yenye asidi hiyo. Kwa hiyo msusi akikuambia "hii ni ya asidi, haina fomalini", hajajibu swali.

Omba chupa yenyewe, si bakuli alilokwisha kumiminia. Isome mwenyewe: formaldehyde, formalin, methanal, methylene glycol, glyoxylic acid. Chupa isiyo na orodha ya viungo, au iliyojazwa kutoka kwenye dumu, usiulize zaidi, toka. Mjamzito, mwenye pumu na mwenye vidonda kichwani wasikae hata kwenye chumba hicho wakati mwingine anafanyiwa. Na hata wewe uliyekwenda kusuka tu, macho yakianza kuwasha na koo kukereketa kwa sababu ya kichwa cha jirani yako, usisubiri feni iwashwe. Nenda nje na msuko nusu, urudi moshi ukiisha.