Wasomaji wanauliza: notisi ya kutoka, orodha ya nyumba na mlango wa halmashauri

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi England, na karibu zote zinahusu makazi. Tumejibu sita. Majibu haya ni ya England tu, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao. Scotland, kwa mfano, iliacha kuchuja watu kwa kigezo cha kipaumbele (yaani kutanguliza makundi kama wenye watoto au wagonjwa) mwishoni mwa 2012.

Kabla ya barua, jambo moja linalowapotezea watu miezi: halmashauri ina milango miwili. Mmoja ni orodha ya nyumba za halmashauri na za mashirika ya nyumba, mwingine ni idara ya watu wasio na makazi. Ukijiandikisha mlango mmoja hujajiandikisha mwingine.

Ndugu Mhariri, mwenye nyumba anataka kuuza na notisi yetu inaisha mwezi ujao. Nimekwenda halmashauri nikaambiwa nirudi siku madalali wa mahakama watakapokuja kututoa. Kweli hakuna wanachoweza kufanya kabla ya hapo? (Mama wa watoto wawili)

Si kweli, dada yetu. Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya 2017, iliyoanza kutumika Aprili 2018, inaitaka halmashauri imsaidie mtu anayeelekea kukosa makazi ndani ya siku 56. Wewe umeshaingia humo. Wanatakiwa wakufanyie tathmini, waandike nawe mpango wa makazi unaotaja kazi zao na kazi zako, kisha wahangaike usifikie kutolewa: wazungumze na mwenye nyumba, wakague kama notisi ni halali (nyingi zina kasoro), au wakusaidie amana na kodi ya mwanzo ya nyumba nyingine.

Kaunta ndipo mambo yanapokwama. Unaambiwa ujaze fomu mtandaoni kwanza, au ulete nyaraka zote ndipo usikilizwe. Sheria haidai fomu maalumu. Ombi linaweza kuwa la mdomo au la barua pepe. Tunakushauri utume barua pepe leo, ukisema kwamba unaomba msaada wa makazi chini ya Sehemu ya 7 ya Sheria ya Makazi ya 1996, notisi inaisha tarehe fulani, na unaishi na watoto wawili wa umri fulani. Ambatisha picha ya notisi na ya mkataba wa kupanga. Baada ya hapo hakuna atakayesema hukuwahi kuomba. Nyaraka nyingine watakazozitaka ni kitambulisho au uthibitisho wa kibali chako, vyeti vya watoto, taarifa za benki za miezi ya karibuni na hati za mshahara au za benefiti (posho za serikali). Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili. Usimweke mtoto wako atafsiri mazungumzo ya namna hiyo.

Kuhusu madalali: usihame mapema kwa hiari yako, kwani unaweza kuambiwa umejitakia. Lakini Mwongozo wa serikali kwa halmashauri, sura ya 6, unawakataza kuchukulia kwamba ni sawa mpangaji abaki humo mpaka madalali wafike. Kila hatua ya mahakama ina gharama, na mara nyingi gharama hizo anabebeshwa mpangaji. Wakikung'ang'ania usubiri, waombe waandike ni kwa nini wanaona ni busara ubaki. Ombi hilo peke yake huwafanya wengi wafungue faili.

Ikifika siku huna pa kulala, kwa kuwa una watoto, wanatakiwa kukupa mahali usiku huohuo. Kinachohitajika ni wao kuwa na sababu ya kuamini kwamba huenda huna makazi, huenda unastahili kusaidiwa kwa kibali ulichonacho na huenda una kipaumbele. Uchunguzi unafuata baadaye, nawe ukiwa ndani. Familia na wajawazito hawaruhusiwi kuwekwa kwenye hoteli za B&B (vyumba vya wageni vya kulala na kifungua kinywa) ila pale hakuna mahali pengine, na hata hapo wasizidi wiki 6. Angalia hapa: jengo likiwa la halmashauri yenyewe au la shirika la nyumba, hata kama jiko na choo ni vya kuchangia, kikomo hicho hakilihusu.

Na fanicha zako? Watu wengi wamepoteza vitanda, friji na vyeti vya shule kwa kutojua kwamba halmashauri ikishawajibika kukuhifadhi, inawajibika pia kulinda mali yako iliyo hatarini kupotea au kuharibika, kama huna njia ya kuilinda mwenyewe. Iombe kwa maandishi kabla ya siku ya kutoka. Wanaweza kukutoza ada ya kuhifadhi, kwa hiyo uliza kiasi kabla hujakubali.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nimepata hadhi ya ukimbizi, nalala kwa marafiki kwa zamu. Nimeambiwa sina kipaumbele na pia si mkazi wa hapa. Ndiyo mwisho? (Msomaji)

Sivyo, kaka. Kulala kwenye makochi ya watu bila haki ya kubaki ni kukosa makazi kisheria. Si lazima uwe barabarani. Kwa kuwa umeshapata hadhi ya ukimbizi, unastahili kusaidiwa. Kipaumbele kinaamua kama utapewa pa kulala leo na kama mwishowe watabeba wajibu mkubwa wa kukutafutia nyumba. Hakiamui kama wakufanyie tathmini na mpango. Hivyo viwili unadai, pamoja na msaada wa siku 56 wa kutafuta chumba, ambao mara nyingi huwa ni amana au dhamana kwa mwenye nyumba wa binafsi.

Kipaumbele chenyewe wanacho wajawazito, wenye watoto wanaowategemea, vijana wa miaka 16 na 17, waliolelewa na serikali wakiwa na miaka 18 hadi 20, waliopoteza nyumba kwa moto au mafuriko, na, tangu Julai 2021, waliokosa makazi kwa sababu ya ukatili wa majumbani. Wapo pia walio dhaifu kwa ugonjwa, ulemavu, uzee au sababu nyingine. Mahakama Kuu ya Juu iliamua 2015 kwamba udhaifu huo unapimwa kwa kukulinganisha na mtu wa kawaida aliyejikuta hana makazi. Kama umepitia mateso au kifungo na hulali usiku, usinyamaze kwa aibu. Barua ya daktari isiyosema zaidi ya "ana msongo" haitakusaidia. Mwombe aeleze dawa unazotumia, kinachokupata usipolala, na kwa nini kulala nje kutakudhuru kuliko mwingine.

Kuhusu ukazi, kawaida wanatazama kama umeishi hapo miezi 6 katika 12 iliyopita au miaka 3 katika 5, au una kazi au ndugu wa karibu hapo. Mkimbizi ana njia yake: pale serikali ilipokupa makazi ya mwisho ulipokuwa unasubiri uamuzi, pana uhusiano nawe. Na hata kama wataipeleka kesi yako huko, wanatakiwa kuipokea na kukutathmini kwanza.

Tulifukuzwa kwa deni la kodi. Barua inasema tumekosa makazi kwa makusudi.

Mna siku 21 tangu kuijua barua hiyo kuomba mapitio. Weka tarehe kwenye simu sasa hivi. Si lazima hoja ziwe tayari, mstari mmoja wa kuomba mapitio unatosha na hoja mtapeleka baadaye. Ombeni pia nakala ya faili lenu, na ombeni kwa maandishi mwendelee kuhifadhiwa wakati mapitio yakifanyika. Hili la pili ni hiari yao, hivyo litoleeni sababu za watoto na afya.

Hoja kubwa ni kama kodi ilikuwa inamudika. Pangeni matumizi ya wiki kwa wiki: chakula, umeme na gesi, nauli, nguo za watoto, nepi. Mwaka 2019, katika kesi dhidi ya halmashauri ya Birmingham, Mahakama Kuu ya Juu ilikataa hesabu inayochukulia fedha za benefiti za kujikimu kana kwamba zina ziada ya kufidia kodi. Mtu aliyelisha watoto kwanza hakuacha kulipa kwa makusudi, lakini barua yenu ilisema mmekusudia, bila kuona haya. Mapitio yakishindikana, kuna siku 21 nyingine za kwenda mahakama ya kaunti kwa hoja za kisheria. Hapo tafuteni wakili wa msaada wa kisheria.

Wametupa nyumba mbali na shule, na ina vyumba vidogo. Tukatae?

Hapana. Kama ni ofa ya kutimiza wajibu wao mkubwa, kubalini, hamieni, kisha ombeni mapitio ya ufaafu wake ndani ya siku 21. Sheria inaruhusu kufanya yote mawili. Mkikataa na wakashinda hoja, wajibu wao unakwisha na mnabaki bila pa kulala. Andikeni dakika za safari ya shule, miadi ya hospitali, na nani anawasaidia kulea mlikotoka. Halmashauri ikipeleka familia nje ya eneo lake lazima iweze kueleza kwa nini hapakupatikana pa karibu. Westminster ilishindwa 2015 katika Mahakama Kuu ya Juu kwa jambo hilohilo.

Tuko kwenye orodha miaka mingi. Nani anaturuka?

Orodha haiendi kwa urefu wa kusubiri peke yake. Sheria inazitaka halmashauri ziwape upendeleo wasio na makazi, wanaobanana au wanaoishi pasipofaa kiafya, wenye sababu za kiafya au za ustawi, na wanaohitaji kuhamia eneo fulani ili waepuke taabu. Nyingi hupanga watu kwa bendi (madaraja ya uhitaji), na tarehe hutazamwa ndani ya bendi. Kinachowakwamisha wengi ni mambo madogo: mtoto amezaliwa hakuongezwa, ombi halikuhuishwa wakafutwa kimya kimya, au hawaingii kuomba nyumba zinazotangazwa. Ombeni orodha ya masharti ya halmashauri yenu, ni haki yenu kuiona, halafu ombeni bendi ipitiwe upya mkiwa na ushahidi mpya.

Nyumba ya halmashauri ina kuvu chumba cha mtoto mwenye pumu. Wanasema nifungue madirisha.

Tangu 27 Oktoba 2025, chini ya Sheria ya Awaab, iliyopewa jina la mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kutokana na kuvu, mwenye nyumba wa jamii (halmashauri au shirika la nyumba) ana saa 24 kushughulikia hatari ya dharura. Kwa hatari nyingine kubwa ana siku 10 za kazi kuchunguza, siku 3 za kazi kukupa ripoti ya maandishi, na siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kuondoa hatari. Akishindwa kuifanya nyumba iwe salama kwa wakati, anatakiwa kukupa mahali pengine kwa gharama yake.

Ripoti kwa maandishi, taja pumu na umri wa mtoto, maana vinabadilisha uzito wa hatari. Piga picha zenye tarehe, moja ya karibu na moja inayoonyesha ukuta mzima hadi dirishani. Usipake rangi juu ya kuvu kabla hawajaja. Wasipofika, peleka malalamiko rasmi: hatua ya kwanza wana siku 5 za kazi kuthibitisha wameyapokea na 10 za kujibu, hatua ya pili 20. Baada ya hapo faili linakwenda kwa Msuluhishi wa Makazi, bila malipo, na anaweza kuamuru matengenezo na fidia.