Dodgers 2025: Betts hana shida, muwazie Freeman

Mkuu, umeuliza kama uwaze kuhusu ule ukuta wa ndani (walinzi wa karibu na besi) wa Dodgers, timu ya besiboli ya Los Angeles, kuelekea msimu wa 2025, kisa Mookie Betts anacheza pale kati ya besi ya pili na ya tatu, we tulia. Jamaa ana Gold Glove 6, tuzo za mlinzi bora, za kule nje kulia, mikono anayo, kazi ipo kwenye kurusha fasta kwenda besi ya kwanza huku anakimbia, kwa hiyo mechi za maandalizi usihangaike na anavyopiga, mwangalie miguu akishaokota mpira. Wa kumuwazia ni Freeman wa besi ya kwanza, miaka 35 mwanzoni mwa 2025 na enka kafanyiwa upasuaji Desemba 2024. Muncy wa besi ya tatu akiwa mzima fresh tu. Besi ya pili mi ningempa Edman, yule Mkorea Hyeseong Kim kwanza azoee mipira ya kasi ya Marekani.