Jibu: Polisi wa Kanada kwenye theluji, kweli au stori tu?
Mkuu umeuliza kama zile stori za polisi wa Kanada kule kwenye barafu na mahaba yao zina ukweli, zina ukweli kabisa, mcheki Sam Steele, ofisa wa North-West Mounted Police, yaani polisi wa farasi wa Kanada enzi hizo. Mwaka 1898 watu wanamiminika Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, kusaka dhahabu, vijana wake wamekaa juu kabisa Chilkoot Pass, njia ya mlimani ya kuingilia huko, huna chakula cha mwaka mzima unageuzwa. Boti zilipoanza kuua watu mtoni akaamuru wanawake na watoto washuke wapite nchi kavu. Na muda wote huo mkewe Marie yuko mbali, jamaa anamwandikia barua, ndo mapenzi yenyewe hayo, na barua zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Alberta, anza na hizo kabla ya riwaya.